Kliti za Mwenye Kiatu wa Kwanza

Soko la Memorial hapa Moshi, ukifika asubuhi kabla marobota hayajachambuliwa sana, unaweza kukuta viatu vya baiskeli vimechanganywa na raba za kukimbilia na njumu za mpira. Muuzaji mara nyingi hajui ni viatu vya nini. Anavigeuza, anaona chuma kimefungwa chini, anakisia tu. Vyangu nilivipata hivyo hivyo: namba 42, vyeusi, soli ngumu isiyokunjika hata kwa mikono miwili. Tulivutana bei mpaka tukaelewana kwa shilingi 35,000. "Lakini kaka, hivi havitembeleki," aliniambia kwa uaminifu, "ukikanyaga sakafu vinateleza." Nikamwambia sivitaki kwa kutembea.

Chini ya kila kiatu kliti ilikuwa bado imefungwa. Kliti, kwa asiyeifahamu, ni kile kipande cha chuma au plastiki ngumu kinachofungwa kwa skrubu kwenye soli ili kinase kwenye pedeli, mguu usichomoke mpaka mwenyewe uzungushe kisigino kwenda nje. Nilifurahi kuzikuta, maana nilikuwa nimepunguziwa kitu kimoja cha kununua. Nikafuta vumbi, nikatafuta pedeli za aina hiyo, nikaingia barabarani. Kliti zenyewe sikuzigusa.

Wiki ya tatu tulikuwa tunaelekea Arusha. Tulipopita Boma Ng'ombe goti la kushoto likaanza kuchoma upande wa nje, kama mtu anadunga sindano kila mguu unapofika chini. Kufika njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA nilikuwa nakanyagia mguu mmoja, wa pili nausindikiza tu. Wenzangu wakanipa ushauri ambao kila mgeni wa baiskeli hupewa: kaza, utazoea. Nikakaza. Jumamosi iliyofuata maumivu yalianza mapema zaidi, kabla hata ya njia panda ya Machame.

Siku moja nimekaa barazani nasafisha cheni, nikavigeuza viatu na kuvitazama vizuri kwa mara ya kwanza. Kliti ya kulia ilikuwa imenyooka. Ya kushoto pua yake ilikuwa imeelekea upande wa kidole kidogo, na kuizunguka kulikuwa na mstari mwembamba wa kalamu nyeupe, uliochorwa kwa uangalifu. Yaani mwenye kiatu wa kwanza, huko alikokuwa, alikaa chini akaupima mguu wake, akaukuta unapenda vidole viingie ndani kidogo, akafunga kliti kuufuata, akachora mstari asije akapoteza mahali pake. Alifanya kazi nzuri kabisa. Ila mguu ule ulikuwa wake, na mimi kwa wiki tatu nilikuwa nimelazimisha goti langu liufuate.

Nimeamua kuandika haya kwa sababu naona wengi Moshi na Arusha wanapitia nilipopita. Baiskeli nzuri zinaingia, vikundi vya Jumamosi vinakua, viatu vya kunasa vinavaliwa na watu wengi zaidi, na karibu wote vinatoka mtumbani au vimeletwa na ndugu kutoka nje. Kisha goti linauma, au vidole vinakufa ganzi, mtu anahitimisha kwamba hana mwili wa baiskeli. Mara nyingi mwili hauna tatizo. Tatizo ni milimita 3 chini ya soli.

Fikiria hesabu hii. Mtu anayekanyaga kwa mwendo wa kawaida anazungusha miguu mara 80 kwa dakika. Kwa saa moja ni mara 4,800. Moshi mpaka Arusha ni kama kilomita 80. Ukitumia saa tatu na nusu, hata ukiondoa miteremko ambayo hukanyagi, kila goti limekunjwa na kunyooshwa zaidi ya mara 10,000. Ukitembea, hatua yako hubadilika kila saa: unakwepa jiwe, unapanda ukingo, mguu unageuka kidogo huku na huku. Ukiwa umenasa kwenye pedeli, mguu unapita njia ile ile moja mara zote hizo. Kama njia imepinda, kiungo cha kwanza kulipa ni goti, kwa sababu lenyewe halina uhuru mkubwa wa kujizungusha; limekaa katikati ya nyonga na wayo na linapokea makosa ya pande zote mbili.

Zamani waendesha baiskeli wa mbio walifunga miguu kwa mikanda ya ngozi juu ya pedeli, na ili kujifungua ulipaswa kuinama na kuulegeza mkanda kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Ufaransa, Look, iliyokuwa ikitengeneza vifungo vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ilichukua ujuzi ule ule na kuuhamishia kwenye pedeli: unakanyaga inanasa, unazungusha kisigino inaachia. Mwendesha baiskeli Mfaransa, Bernard Hinault, alishinda mbio za Tour de France za 1985 akiwa nazo, na baada ya hapo mikanda ikaanza kuaga. Mwaka 1990 Shimano ya Japani ikaleta SPD, kliti ndogo ya chuma iliyokusudiwa baiskeli za milimani. Hizo koo mbili ndizo tunazokutana nazo sokoni mpaka leo.

Ukigeuza soli utazitambua kwa matundu. Ukoo wa Look, pamoja na SPD-SL ya Shimano iliyokuja baadaye, una matundu matatu yaliyokaa kama mafiga, na kliti yake ni plastiki pana inayotokeza nje ya soli. Ukoo wa SPD una matundu mawili yanayokwenda sambamba, na kliti ni chuma kidogo kilichozama ndani ya soli ya mpira. Hivi viwili havipokezani: kliti ya mafiga hainasi kwenye pedeli ya chuma kidogo, wala kinyume chake. Na hata ndani ya mafiga, ya Look haiingii kwenye pedeli ya Shimano ijapokuwa kwa macho zinafanana. Nimeona mtu amenunua viatu asubuhi na pedeli jioni, vyote vizuri, na havioani. Kabla hujatoa hela, tafuta jina lililoandikwa kwenye kliti yenyewe, au beba pedeli yako sokoni ujaribu kunasa kwa mkono.

Ukiniuliza uchague ipi kwa huku kwetu, nitakwambia matundu mawili bila kusita. Plastiki pana inagawa nguvu vizuri na inafaa lami, sikatai. Lakini safari zetu zina mahali pa kushuka: tope la Kibosho baada ya mvua za masika, kokoto za njia ya Machame, mteremko ulioharibika ambapo unasukuma baiskeli mita 200. Kliti ya plastiki ukiitembelea kwenye kokoto inakwisha kama sabuni. Ya chuma imejificha ndani ya soli, unatembea karibu kama mtu wa kawaida, na udongo ukijaa unagonga kiatu kwenye pedeli unatoka.

Sasa, kabla ya kugusa kliti, hakikisha kiatu chenyewe ni chako. Hapa ndipo watu wanaruka hatua. Kliti iliyofungwa vizuri ajabu chini ya kiatu kilicholegea haisaidii kitu, kwa sababu mguu unaogelea ndani.

Namba za Ulaya zinaongezeka kwa theluthi mbili za sentimita, yaani kati ya 42 na 43 kuna karibu milimita 7. Ni tofauti kubwa kwa kiatu kisichonyumbuka. Kingine, 42 ya kiwanda kimoja si 42 ya kiwanda kingine. Kwa hiyo pima mguu wenyewe. Weka karatasi sakafuni ukutani, simama kisigino kikigusa ukuta, weka alama kwenye ncha ya kidole kirefu kuliko vyote (kwa wengine si dole gumba, ni kinachofuata), kisha pima kwa rula. Fanya hivyo jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kwa shughuli za siku, na pima yote miwili, maana miguu ya mtu mmoja ni nadra kulingana. Mrefu ndio unaochagua namba.

Upana ndio unaotuumiza zaidi, nami nitauzungumza kwa kirefu. Wengi wetu tumekulia vijijini, Uru, Old Moshi, Meru, tukienda peku shambani na mtoni. Mguu uliokua bila kubanwa hupanuka mbele, vidole vinakaa kwa nafasi. Viatu vya mbio vya Ulaya, hasa vya zamani, vingi vimetengenezwa kwa mguu mwembamba. Mtu anajaribu namba yake ya kweli, pembeni kunambana, anapanda namba moja, halafu nyingine, mpaka upana unakubali. Sasa urefu umezidi, kisigino kinapanda na kushuka, na matundu ya kliti yamesogea mbele kuliko mguu wake unavyotaka.

Kuna kipimo rahisi. Chomoa soli laini ya ndani, iweke sakafuni, isimamie kwa mguu mtupu na uzito wako wote. Tazama chini. Kama nyama ya mguu inamwagikia nje ya soli upande wa kidole kidogo au wa dole gumba, kiatu hicho kitakubana hata kama kibandani kwa muuzaji kilionekana sawa. Kama mguu umekaa ndani ya ukingo na mbele ya vidole imebaki nafasi ya kama nusu upana wa kidole cha mkono, chukua. Muuzaji akikushangaa kusimamia soli katikati ya soko, mwache ashangae.

Ukivaa, kisigino kikamatwe barabara, mgongo wa mguu ushikwe, mbele kwenye vidole pawe huru kuliko sehemu zote. Ufunge kuanzia juu ukishuka: mkanda wa juu ndio unaobeba kazi, wa mbele kabisa ni wa kuzuia tu kiatu kisipepee. Watu wengi hufanya kinyume. Na joto la hapa chini lihesabiwe: ukitoka Marangu asubuhi kuna baridi, ukifika Himo saa nne miguu imevimba, kiatu kile kile sasa kinabana. Legeza tundu moja ukiwa bado unaendesha, usisubiri ganzi.

Soli ya ndani nayo si pambo. Upinde wa wayo ukikosa cha kuegemea, kila ukikanyaga unabonyea na goti linainamia ndani kuelekea mtaimbo wa fremu. Viatu vya mtumba vingi soli yake ya ndani imeshakuwa bapa kama chapati. Badilisha, hata kwa ile ya raba nzuri ukiikata kwa mkasi kufuata umbo.

Haya, kliti zenyewe. Kuzifungua ndiyo kazi ngumu kwa kiatu kilichovuka bahari. Kichwa cha skrubu kina tundu la pembe sita, na tundu hilo limejaa udongo uliokauka kama saruji. Ukiingiza alenki, ule ufunguo wa pembe sita, juu juu na kulazimisha, kona za tundu zinalika, na hapo utaishia kwa fundi wa kuchomelea. Chukua msumari mwembamba au sindano ya kushonea magunia, chokonoa mpaka uone chuma safi chini kabisa. Tia tone la mafuta ya cherehani kuzunguka kichwa cha skrubu, acha kiatu kikilala kifudifudi usiku mzima. Asubuhi ingiza alenki namba 4, igonge kwa nyundo taratibu mara mbili tatu izame, halafu zungusha kwa nguvu moja tulivu bila kushtua. Utasikia kitu kikipasuka, "tak". Hiyo ni kutu imeachia. Zangu tatu zilitoka hivyo, ya nne ilinichukua siku mbili.

Kliti ikitoka, tazama kwanza uso wa soli. Utaona kovu la mwenye kiatu wa kwanza: meno ya kliti yameng'ata plastiki. Kovu hilo litakuvuta. Kliti mpya ukiiweka karibu na kovu la zamani, unapokaza inateleza na kurudi kwenye mashimo yale yale. Likwangue kwa msasa mpaka uso uwe sawa, au songa mbali nalo vya kutosha.

Mahali pa kliti huamuliwa kwa pande tatu: mbele na nyuma, mzunguko, na kushoto na kulia. Mbele na nyuma ndiyo ya kuanza nayo. Vaa soksi na kiatu, kaza kama unavyokaza barabarani. Bonyeza kwa kidole gumba cha mkono upande wa ndani wa kiatu, tafuta fundo la mfupa pale dole gumba linapoungana na wayo. Kwenye kiatu kigumu inataka subira. Chezesha dole gumba juu na chini, utasikia fundo likicheza chini ya ngozi. Bandika kipande cha plasta hapo, weka nukta kwa kalamu. Hamia upande wa nje, tafuta fundo la kidole kidogo, weka nukta ya pili. Utagundua ya nje imekaa nyuma zaidi kuliko ya ndani. Sasa, ekseli ya pedeli, yaani ule mhimili unaopita katikati yake, inapaswa kukaa kati ya nukta hizo mbili. Kliti nyingi zina kialama kidogo ubavuni kinachoonyesha ekseli itapita wapi. Kilinganishe na nukta zako.

Kama huna uhakika ndani ya nafasi hiyo uende mbele au nyuma, nenda nyuma, kuelekea kisigino. Kliti iliyo mbele sana inafanya uendeshe kwa ncha ya mguu. Msuli wa shavu la mguu na kano ya nyuma ya kisigino vinabaki vimekazwa muda wote, na shinikizo lote linarundikana chini ya vidole, penye mishipa ya fahamu inayopita katikati ya mifupa. Ndiyo ile hali ya wayo kuwaka moto baada ya saa mbili, kama umekanyaga makaa. Wapo wanaosema kliti ya mbele inampa mwendesha baiskeli mruko wa kasi mwishoni mwa mbio. Sawa, kwa mita 200 za mwisho. Mpando wa kwenda Marangu hauna mita 200.

Mzunguko ndio ulioniumiza mimi. Kaa ukingoni mwa meza ndefu, miguu ining'inie bila kugusa chini, izembee kabisa, mtu mwingine atazame nyayo zako kutoka juu. Vidole vinaelekea wapi? Kwa wengi vinatazama nje kidogo, na mguu mmoja kuliko mwingine. Huo ndio mwelekeo ambao pedeli inapaswa kuuheshimu. Hapa akili huwa inachanganyikiwa, kwa hiyo tulia nami: pedeli haigeuki, kliti lazima itazame mbele moja kwa moja ikinasa, basi kinachogeuka ni kiatu. Ukitaka vidole vitazame nje, pua ya kliti uigeuze ndani, upande wa dole gumba. Ukitaka vidole viingie ndani, pua iende upande wa kidole kidogo. Kliti yangu ya kushoto ilikuwa hivyo, ikilazimisha vidole ndani wakati mguu wangu unatazama nje. Goti likavutwa upande wa nje mpaka likalalamika.

Watengenezaji wanajua hakuna anayepatia kwa usahihi wote, ndiyo maana wanaacha uhuru kidogo wa mguu kuyumba ukiwa umenasa. Mafundi wetu wangeiita plei, ila hii ni plei ya makusudi. Kwa kliti za mafiga inatambulika kwa rangi. Za Shimano: njano ina nyuzi 6, bluu nyuzi 2, nyekundu haina kabisa. Za Look Keo: nyekundu nyuzi 9, kijivu nyuzi 4.5, nyeusi haina. Umeona mtego uliopo? Nyekundu ya Look ndiyo huru kuliko zote, nyekundu ya Shimano imefungwa kabisa. Anayekwambia "nunua nyekundu" bila kutaja kampuni hajakusaidia. Anayeanza achukue yenye uhuru, na aifunge kliti ili mguu wake wa asili uangukie katikati ya uhuru huo, abaki na nafasi pande zote mbili. Ukinasa na kukuta kisigino kinaweza kwenda ndani lakini nje kimegonga ukuta, bado hujapata.

Kwenye chuma kidogo cha Shimano angalia zaidi namba iliyochongwa: SH51 inaachia ukizungusha kisigino pembeni tu, SH56 inaachia hata ukivuta kwa pande nyingine. Kwa mgeni wa viatu hivi ninapendekeza ya pili, na springi ya pedeli ilegezwe mpaka chini. Jifunze ukiwa umeshika ukuta, nasa na achia mara 50 kwa kila mguu, kabla hujatia pua barabarani. Siku ya soko Tengeru bodaboda hakupi sekunde ya kukumbuka.

Upande wa tatu, kushoto na kulia, sina mengi. Kliti ikisogea upande wa dole gumba, kiatu kinakwenda nje, mbali na krenki (ule mkono unaoshika pedeli), miguu inatanuka. Ikisogea upande wa kidole kidogo, miguu inakaribiana. Mwenye nyonga pana au magoti yanayoelekea nje hufurahia kutanuka. Anza katikati. Mwombe mwenzako aendeshe nyuma yako akitazama kama goti linapanda na kushuka kwenye mstari mmoja juu ya wayo.

Kaza skrubu ukiwa umepaka grisi kidogo kwenye nyuzi zake, zamu kwa zamu, hii robo mzunguko, ile robo, ili kliti isihame. Kipimo ni nyutoni mita 5 hadi 6. Bila spana ya kupimia, ni nguvu ya mkono ukishika alenki fupi mpaka igome, basi, bila kuongezea bomba. Zikaze tena baada ya safari ya kwanza, maana meno ya kliti yanazidi kuzama na skrubu zinalegea. Kliti iliyolegea inazunguka na kiatu bila kuachia, na unaanguka ukiwa umefungwa kwenye baiskeli.

Ukirudisha kliti nyuma kwa milimita kadhaa, mguu umekuwa kama umefupika. Shusha siti kidogo, la sivyo utaanza kuyumbisha nyonga kutafuta pedeli. Hili watu husahau, wakaanza kulaumu kliti kwa maumivu ya siti.

Jaribu kwenye barabara tambarare. Ya kwenda kiwanda cha sukari cha TPC kupitia mashamba ya miwa ni nzuri. Kwa walio Arusha, kuelekea Kisongo. Mpando unaficha makosa madogo kwa sababu kila kitu kinauma. Beba alenki mfukoni. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, milimita 2, kisha endesha angalau safari mbili kabla hujahukumu. Mimi niliandika kwenye daftari la dukani: tarehe, mguu upi, nimesogeza nini, goti limesemaje. Bila daftari, wiki ya pili hukumbuki ulikotoka.

Goti likiuma mbele, chini ya kifuniko chake, kabla ya kugusa kliti angalia siti: mara nyingi iko chini mno, au unakanyaga gia nzito kwa mwendo wa polepole. Likiuma nyuma, siti huenda iko juu. Likiuma ubavuni, ndani au nje, hapo ndipo mzunguko na upana wa kliti vina kesi ya kujibu. Kano ya kisigino ikilalamika, rudisha kliti nyuma. Vidole vikifa ganzi, legeza mkanda wa mbele, vaa soksi nyembamba, na ukiona haisaidii urudi kwenye swali la upana wa kiatu. Goti likivimba, au likiuma hata ukipanda ngazi nyumbani, weka baiskeli chini umwone daktari. Hilo limeshavuka uwezo wa alenki.

Langu lilihitaji kugeuza kliti ya kushoto kidogo tu, pua ikaingia ndani, na kuirudisha nyuma milimita 3. Safari ya kwanza nilisikia kama mguu umepotea, kwa jinsi ulivyokaa kimya. Nilipita KIA, nikapita Kikatiti, Usa River ndipo nikakumbuka kwamba sijalifikiria goti.

Kliti huisha. Ukiona pua yake imelika, au mguu unaachia wenyewe ukivuta juu, badilisha. Kabla hujafungua ya zamani, fanya alivyofanya yule bwana: chora mstari kuizunguka, kalamu nyeupe kwa soli nyeusi, nyeusi kwa nyeupe. Mpya inakaa ndani ya mstari na hupotezi miezi ya kazi.

Mwaka jana viatu vile nilimpa mdogo wangu, mtoto wa shangazi, aliyeanza kuendesha na chalii wenzake wa Arusha. Nilizifungua kliti kwanza, nikafuta mstari mweupe na wangu wa bluu, nikakwangua soli kwa msasa. Alipovipokea akavigeuza, akaona matundu matupu. "Kaka, sasa hizi nafunga wapi?"

Nikamwambia avae soksi, akae ukingoni mwa meza, anipe mguu.